Mzishi wa Wafalme Aliyejipunguza Ratili 46

Wako watu waliopata sifa duniani kwa jambo moja tu, lakini sidhani kama yuko aliyeipata kwa njia ya ajabu kama Bwana William Banting wa London. Hakuwa tabibu, wala mwanachuoni, wala mcheza mieleka. Kazi yake ilikuwa kuzika watu. Juu ya hivyo, alipofikia umri ambao wengi huanza kungojea siku yao tu, alifanya jambo lililolifanya jina lake litajwe katika kila nyumba ya Uingereza, na likaingia katika lugha kuwa neno lenye maana ya kujipunguza mwili.

Kwetu sisi, ambao maiti huoshwa na jamaa zake, akakafiniwa, na jeneza likapokezanwa mabegani na majirani bila ya mtu kudai senti, kazi hiyo yahitaji kuelezwa kidogo. Mjini London katika karne ya 19 maziko yalikuwa biashara, tena biashara kubwa. Palikuwa na sanduku la mbao nzuri, farasi weusi, manyoya, vitambaa vya msiba na watu wa kukodi wa kusindikiza. Ukoo wa Banting ulikuwa na duka lake mtaa wa St James's, karibu na majumba ya wafalme, nao ndio waliokuwa wakiitwa wakubwa wanapofariki. Waliyashughulikia maziko ya Mfalme George wa Tatu mwaka 1820, ya George wa Nne mwaka 1830, na yale ya Duke wa Wellington mwaka 1852 ambayo yalijaza njia za London kwa umati wa watu. Mume wa Malkia Victoria alipofariki mwaka 1861, ni hao hao walioitwa.

Bwana William alizaliwa mwishoni mwa mwaka 1796 na akaifanya kazi hiyo kwa muda wa miaka 50. Alikuwa mtu wa taratibu. Alipenda kila kitu kiwe mahali pake na kila saa iwe na shughuli yake, jambo ambalo halishangazi kwa mtu ambaye kosa lake moja lingeonekana na taifa zima. Naomba msomaji aishike sifa hiyo, maana nitairudia.

Lakini alikuwa mnene. Wazee wake, upande wa baba na upande wa mama, hawakuwa wanene, naye alipoanza kuona mwili unamzidi, kabla hajatimia miaka 40, aliingiwa na hofu. Urefu wake ulikuwa futi 5 na inchi 5 tu, yaani si mtu mrefu. Kufika mwezi wa Agosti 1862, akiwa amekwisha kustaafu na yu karibu na miaka 66, uzito wake ulikuwa ratili 202, kama kilo 92 kwa hesabu ya siku hizi. Alikuwa hawezi kuinama kufunga kamba za viatu vyake. Ngazi alizishuka kinyumenyume, polepole, ili asiyaumize magoti na vifundo vya miguu. Akipanda, alihema. Henia ya kitovu ilimlazimu kujifunga mkanda, na magoti yake pia yalifungwa bendeji. Macho yalikuwa yanafifia na masikio yanaziba.

Na zaidi ya maumivu kulikuwa na fedheha. Alikuwa haendi tena penye mikusanyiko, wala hapandi magari ya abiria, kwa sababu ya maneno ya watu. Mtu aliyewasindikiza wafalme kaburini akawa anaogopa kicheko cha kijana asiyemjua. Huku kwetu kitambi kilikuwa kwa muda mrefu ni dalili ya neema, na bibi harusi aliyenenepa baada ya fungate alikuwa sifa kwa mumewe. Hata hivyo, mtu akipita mpaka fulani, baraza zile zile zilizomsifu ndizo zinazomtania. Watu husema ni mzaha, lakini anayechekwa hubaki nao hadi nyumbani.

Jambo ninalotaka lieleweke ni kwamba Bwana huyu hakuwa mvivu. Wengi wetu tukimwona mnene tunamhukumu hapo hapo kuwa hana subira na hajui kujizuia. Banting alihangaika kwa miaka kama 30. Rafiki yake mmoja, daktari, alimshauri afanye mazoezi ya nguvu kabla ya kwenda kazini. Basi akanunua mashua imara na nzito, na kwa kuwa alikaa karibu na mto, akawa anapiga makasia kwa saa mbili kila alfajiri. Misuli ikamwota kweli. Lakini njaa nayo ikaja na nguvu zake, akala kuliko mwanzo, na uzito ukazidi badala ya kupungua. Rafiki yake mwenyewe akamwambia aache. Mtu aliyekaa na saumu mchana kutwa na kisha akaifungua kwa kaimati, viazi vya nazi, mahamri na sharbati hadi saa za usiku, akashangaa kuona kanzu inambana siku ya Idi, ataijua habari hii bila ya kufafanuliwa.

Akaachana na makasia. Akajaribu kutembea kwa miguu, kupanda farasi, kuogelea baharini, na kwenda kwenye miji ya chemchemi za dawa kama Leamington, Cheltenham na Harrogate. Akanywa dawa kwa vibaba. Akaingia hamamu za Kituruki mara kwa mara, na faida yake ikawa ratili chache tu. Akajinyima chakula kabisa, na hilo likamdhoofisha hadi akatokwa na majipu, mawili kati yake makubwa ya kupasuliwa, na unene ukabaki pale pale. Kila mtu alikuwa na ushauri, na kila ushauri aliufuata kwa dhati. Wengine walimwambia asijisumbue, kwamba kunenepa ni jambo la umri kama mvi. Nadhani maneno hayo ya mwisho, ijapokuwa husemwa kwa upole, ndiyo yanayomkatisha mtu tamaa kuliko yote.

Nafuu yake ilikuja kwa mlango asioubisha. Masikio yalipozidi kuziba alikwenda kwa mganga mashuhuri wa masikio, ambaye alitazama, akapangusa, akapaka dawa ya kuunguza nje ya sikio, na hali haikubadilika hata kidogo. Bingwa huyo alipokwenda likizo, Banting akalazimika kutafuta mwingine. Akampata Daktari William Harvey. Huyu alimchunguza akaona ugonjwa si wa masikio hasa: mafuta yaliyojaa mwilini ndiyo yaliyokuwa yakibana njia ya kusikia.

Harvey alikuwa amewahi kwenda Paris kusikiliza mihadhara ya Claude Bernard, mtaalamu mkubwa wa Ufaransa aliyegundua kwamba ini la binadamu hutengeneza sukari. Mafunzo yale yalihusu ugonjwa wa kisukari. Harvey akafikiri: ikiwa mgonjwa wa kisukari huzuiwa vyakula vya sukari na wanga, na ikiwa mfugaji anayetaka kumnenepesha mnyama humpa nafaka, basi kwa nini mtu mnene asipewe kinyume chake?

Hapo akamtajia Banting vitu sita vya kuviacha: mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Banting alishangaa, maana hivyo ndivyo vilivyokuwa chakula chake tangu utotoni. Asubuhi alikuwa akila mkate wa siagi na chai tele yenye maziwa na sukari nyingi. Mchana alikula nyama na bia, pamoja na mkate mwingi na vitobosha vya unga. Jioni ilikuwa chai tena kama ya asubuhi, na usiku andazi la matunda au mkate na maziwa. Hakuona kuwa alikuwa mlafi, na kwa kweli hakuwa. Alikula chakula cha watu wote, kama ambavyo asubuhi zetu ni chai ya maziwa iliyokolea sukari na mahamri kwa mbaazi, wala hakuna anayehesabu kuwa amekula.

Badala yake akapewa nyama ya ng'ombe au kondoo, au samaki, wakia 4 au 5 asubuhi, na chai isiyo na maziwa wala sukari, pamoja na wakia moja tu ya mkate mkavu uliochomwa. Mchana nyama au samaki au kuku kwa kiasi hicho au zaidi kidogo, na mboga yoyote isipokuwa viazi. Jioni matunda na chai. Usiku nyama au samaki tena, kidogo. Nyama ya nguruwe alikatazwa, lakini bekoni iliruhusiwa, sijui kwa fikihi gani. Na sitamficha msomaji kwamba katika orodha ile mlikuwamo mvinyo mchana na usiku, na hata kileo kikali kabla ya kulala. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazoea ya watu wa daraja lake. Sisi hayatuhusu, wala si yaliyomponya.

Sasa nafika penye kiini cha habari hii. Kuambiwa la kufanya ni rahisi. Banting alikuwa ameambiwa mengi kwa miaka 30. Nilichotaka kukijua mimi ni kitu gani kilichomshika asiiache njia hii katika mwezi wa tatu, au wa sita, wakati furaha ya mwanzo imekwisha na mwisho bado hauonekani. Jibu ninaloliona katika maisha yake limo katika ile sifa niliyoomba ishikwe. Mzee huyu alichukua kazi ya mwili wake kama alivyokuwa akichukua maziko ya mfalme: kwa kipimo, kwa tarehe na kwa daftari.

Siku hizo mizani ya kupimia watu haikuwa kitu cha kukaa chumbani. Watu walipimwa madukani. Katika mtaa ule ule wa St James's palikuwa na duka la kahawa lenye mizani kubwa, ambalo tangu mwaka 1765 liliwapima wateja wake na kuandika uzito wao katika vitabu. Banting alianza hesabu yake tarehe 26 Agosti 1862 kwa ratili 202. Tarehe 7 Septemba alikuwa na ratili 200. Mwisho wa mwezi huo, 197. Oktoba 193. Baada ya hapo akawa anaandika kila baada ya wiki tatu hivi, na ukiitazama orodha yake utaona jinsi ilivyokuwa kavu: 3 zimepungua, 3 tena, 3 tena. Mwaka mpya wa 1863 ulipoingia ikawa 2, kisha 2, kisha 2, kisha 2. Ratili mbili kwa wiki tatu! Mtu mwenye papara angesema dawa imeisha nguvu. Hapo ndipo wengi huachia kamba. Wakisikia fulani amepungua kilo 10 kwa mwezi, wanaona haya yao si kitu.

Yeye hakuachia, na mimi naona sababu zilikuwa mbili. Kwanza, hakulala na njaa. Alikula vizuri, akashiba, na hata akasema kuwa meza yake ya sasa ilikuwa bora kuliko ya zamani. Ile dhiki ya kujinyima, ambayo ilimtoa majipu, haikuwapo. Pili, namba haikuwa peke yake. Daftari lilikuwa likiandika ratili, lakini nyumbani ngazi nazo zilikuwa zikitoa habari. Siku moja aliweza kuzishuka akiangalia mbele kama watu wengine. Siku nyingine akainama akafunga viatu vyake. Bendeji za magoti zikatoka. Masikio yakazibuka. Mambo haya kijana hayaoni kuwa ni kitu, lakini kwa mzee wa miaka 66 aliyekuwa akivalishwa viatu, kila moja lilikuwa ni uhuru uliorudi.

Katika historia ya Waislamu kuna kisa kinachofanana na hiki, nacho wapenzi wa habari za Andalusi wanakijua. Mfalme Sancho wa León, ambaye wenyewe walimwita Mnene, alivuliwa ufalme mwaka 958 kwa sababu mwili ulimshinda. Bibi yake, Malkia Toda, akampeleka Cordoba kwa Khalifa Abdulrahman wa Tatu, na tabibu wa baraza la Khalifa, Hasdai bin Shaprut, Myahudi, akamtibu mpaka akapungua. Kisha akarudishwa kwao pamoja na jeshi la Waislamu, na kiti chake akakipata tena. Lakini Sancho alikuwa na taji la kulitazamia, na nyuma yake alikuwako bibi mkali pamoja na Khalifa. Banting hakuwa na lolote katika hayo. Alichokuwa akikitazamia ni kamba za viatu, na ndiyo maana mimi namhesabu kuwa aliyepata kazi ngumu zaidi.

Orodha ilikwenda hivyo mpaka ikasimama mwezi wa Septemba 1863: ratili 156. Zilikuwa zimetoka ratili 46, yaani karibu kilo 21, na kiuno kimepungua inchi 12 na robo. Haikufika hata ratili moja kwa wiki.

Kabla hata hajafika mwisho wa orodha, mwezi wa Mei 1863, alitoa kijitabu kidogo kwa mfano wa barua kwa umma, akieleza yote, na fedheha yake pia. Nakala 1,000 za mwanzo alizigawa bure kwa gharama yake, na toleo la pili vilevile aligawa. Toleo la tatu la mwaka 1864 ndilo lililouzwa, kwa shilingi moja, na makumi ya maelfu ya nakala yakanunuliwa. Faida aliitoa sadaka. Barua zikamjia kwa wingi, akawa anazijibu mwenyewe. Nina hakika kazi hiyo nayo ilimsaidia. Mtu aliyekwisha kuwaambia watu elfu kadhaa kuwa ameacha sukari, hawezi tena kujificha jikoni na kikombe chake.

Madaktari hawakupendezwa. Jarida lao la Lancet lilimsakama kwamba mambo ya tiba awaachie wenyewe na yeye ashike yake. Wengine walisema hana jipya, kwani Wafaransa walikwisha kuandika zamani kuwa wanga na sukari hunenepesha. Hilo la pili lilikuwa kweli. Lakini vitabu vya Wafaransa vilikuwa vya wataalamu, na hiki kilikuwa cha mtu aliyeshuka ngazi kinyumenyume. Watu walimwamini kwa sababu hiyo. Maskini Harvey ndiye aliyeumia, kwa kuwa wenzake walimlaumu kwa fujo ambayo mgonjwa wake aliizusha, hata akaja kuandika kitabu chake mwenyewe mwaka 1872 kueleza elimu ya jambo hilo.

Elimu ya leo haikubali kila alichokisema. Mazoezi, ambayo yeye aliyaona hayafai kitu, yanajulikana sasa kuwa yana faida kubwa kwa moyo na kwa sukari ya damu, na humsaidia mtu asirudie unene alioupoteza, hata kama hayamkondeshi peke yake. Kwa hiyo wale wanaume na akina mama wa buibui ninaowaona wakitembea kwa haraka kule Mama Ngina baada ya sala ya alfajiri, wasivue viatu kwa ajili ya makasia ya Banting. Tena, mgonjwa wa kisukari anayetumia vidonge au sindano asikate wanga ghafla bila ya kumwona daktari wake, maana sukari yaweza kushuka ikamwangusha. Lakini lile la kujipima mara kwa mara na kuandika limethibitishwa na wataalamu wa zama zetu kuwa ni katika mambo yanayowasaidia watu kudumu. Na Afrika Kusini, katika miaka ya 2010, wakati Profesa Tim Noakes alipowashawishi wengi waache wanga, mtindo huo wa kula uliitwa kwa jina la mzishi huyu.

Banting mwenyewe aliendelea kula alivyozoeshwa. Aliongeza mambo katika kijitabu chake kila kilipochapishwa upya, na toleo la nne lilitoka mwaka 1869. Unene haukumrudia. Alifariki London tarehe 16 Machi 1878, akiwa na umri wa miaka 81, miaka zaidi ya 15 tangu siku ile alipoambiwa aache mkate. Ukoo wake uliendelea na kazi ya kuzika wafalme. Mwaka 1901 waliyashughulikia maziko ya Malkia Victoria, na utumishi huo haukukoma mpaka mwaka 1928.

Waingereza wenyewe wamekwisha kulisahau neno walilolitoa katika jina lake. Lakini neno hilo lilivuka bahari likaenda Sweden, na huko hadi leo mtu anayejipunguza mwili husema anafanya banta, na wengi wanaolitumia hawajui kuwa aliyekuwa na jina hilo alikuwa akiuza masanduku ya maiti.